Injini inapotetemeka na kulia kwenye mzunguko mdogo: tafuta chanzo kabla hujanunua kipuri

Gari linawaka vizuri na linakwenda mpaka kilometa 80 kwa saa bila kelele. Lakini ukiwa nyuma ya bajaji kwenye barabara za Ngamiani, Tanga, mshale wa RPM (mizunguko ya injini kwa dakika) ukicheza kati ya 800 na 1,500, usukani unatetemeka, dashibodi inalia na kiti kinakugonga mgongoni. Ukikanyaga mafuta, yote yanapotea. Tatizo hili linawala watu fedha nyingi kwa sababu vyanzo vyake ni vingi na kwa nje vinafanana. Mtu anaambiwa "badilisha plagi", anabadilisha. Anaambiwa "koili", ananunua zote nne. Mwisho inaonekana mpira wa mauntingi, yaani kishikio cha injini, ulikuwa umekatika tangu mwanzo. Mwongozo huu unaanza na vipimo visivyogharimu hata shilingi, ndipo unafika kwenye spana.

Kwa nini mzunguko mdogo ndio unaoumbua

Injini ya petroli yenye silinda nne huchoma mafuta mara mbili katika kila mzunguko wa krankishafti, mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni. Kwenye sailensi (injini ikinguruma bila kukanyagwa mafuta) ya RPM 700, hiyo ni michomo kama 23 kwa sekunde. Kwenye RPM 3,000 inakuwa 100. Ikifika 100, michomo inaungana na uzito wa flaiwili, gurudumu zito la injini, unaficha upungufu mdogo. Ikiwa 23, kila mchomo unasikika peke yake, na silinda moja ikikosa, pengo lake unalihisi kwenye kiti.

Injini ya silinda tatu, kama ile ya Passo ya sisi (cc) 1,000, huchoma mara moja na nusu tu kwa kila mzunguko, yaani kama 17 au 18 kwa sekunde kwenye sailensi hiyohiyo. Hiyo kwa asili yake hutikisika kidogo. Aliyehama kutoka IST kwenda Passo asikimbilie gereji kabla hajakaa kwenye Passo nyingine iliyo nzima na kulinganisha.

Vipimo vya dakika kumi

Endesha mpaka injini ishike joto lake la kawaida na feni ya rejeta iwe imezunguka angalau mara moja. Simama pahala tambarare, weka mawe au mbao kwenye tairi, vuta hendibreki. Zima AC, redio na taa.

Weka N na usome RPM. Kwa Toyota ndogo nyingi za sisi 1,300 na 1,500 mshale hutulia kwenye 650 hadi 750 bila kupanda na kushuka. Washa AC. Kompyuta ya gari inatakiwa kuongeza mafuta ili injini ibebe kompresa, kwa hiyo mshale upande kidogo au ubaki palepale. Ukianguka na gari likatetemeka, mlango wa hewa ni mchafu au kuna hewa inayoingia kwa njia ya panya. Kwa joto la Tanga AC haizimwi mwaka mzima, ndiyo maana wengi hulisikia tatizo hili kwanza pale wanapowasha AC wakiwa foleni.

Bado ukiwa N, shikilia 1,200 kwa nusu dakika, kisha 1,500. Sikiliza.

Kwa gari la otomatiki, kanyaga breki kwa nguvu, ingiza D, subiri sekunde kumi, kisha R. Asisimame mtu yeyote mbele wala nyuma ya gari wakati wa kipimo hiki, hata kama hendibreki ni mpya.

Mwisho nenda nyuma, weka kiganja shubiri moja kutoka mdomo wa ekzosi. Pumzi ya injini nzima hutoka kwa mpigo ulio sawa. Injini inayomisi, yaani silinda inakosa mchomo, hutoa pumzi, pumzi, pumzi, kisha pengo, na pengo hilo hurudi kwa mpangilio.

Sasa soma majibu. Kama mtetemeko upo kwenye N na kwenye D, na pumzi ya ekzosi ina mapengo, tatizo liko kwenye uchomaji: plagi, koili, injekta au hewa. Kama N ni tulivu lakini D inatikisa gari zima kwa mpigo ulio sawa, na pumzi haina pengo, anza na mauntingi. Kama vyote viko sawa ukiwa umesimama na shida huja tu gari likitembea, angalia kwanza gia unayotumia, kisha gia boksi. Na kama hakuna mtetemeko ila kuna mlio wa bati au chuma, ruka moja kwa moja mpaka sehemu ya milio.

Kabla ya kulaumu gari: gia

Kwenye gari la gia za mkono, mara nyingi injini hulalamika kwa sababu imebebeshwa gia kubwa ikiwa na mwendo mdogo. Kupita tuta la Pongwe kwa gia ya tatu, au kupanda kona za Mombo kwenda Lushoto kwa gia ya nne ukiwa kwenye RPM 1,200, ni kuitesa injini. Pistoni inasukumwa kwa nguvu kubwa huku krankishafti ikizunguka polepole. Pampu ya oili nayo inazungushwa na injini hiyohiyo, kwa hiyo presha yake iko chini wakati beringi zinaihitaji zaidi. Petroli inaweza kulipuka kabla ya wakati wake, na hapo utasikia kama kokoto zinatikiswa ndani ya kopo.

Kipimo chake ni rahisi: ukikanyaga mafuta zaidi ya nusu na gari halichukui mwendo, shusha gia. Kwenye tambarare, injini ndogo ya petroli hutembea vizuri kwa 1,500 mguu ukiwa mwepesi. Mlimani ipe 2,000 na kuendelea. Mwenye otomatiki azime O/D (gia ya juu kabisa) au atumie 2 na L, asiiache D ikitafutatafuta gia njia nzima.

Mauntingi, na namna ya kuzikagua kwa macho

Gari dogo la kuvuta kwa mbele huwa na mauntingi tatu au nne. Ile ya upande wa cheni ya taimingi mara nyingi huwa na majimaji ndani ya mpira, moja hubeba gia boksi, na moja au mbili huzuia injini isijikunje mbele na nyuma unapoingiza gia. Hizi za kuzuia kujikunja ndizo zinazochoka mapema kwenye barabara za matuta na mashimo.

Fungua boneti. Msaidizi akae kwenye usukani, breki imekanyagwa na hendibreki imevutwa. Wewe simama ubavuni, karibu na tairi ya mbele. Aingize D, aguse mafuta kidogo sana, aachie. Kisha R, vivyo hivyo. Injini inaruhusiwa kujongea kidogo na kurudi kwa upole. Ikiruka na kugonga, au ikiinuka upande mmoja kwa sentimeta tatu, mpira umekatika. Zima gari, chukua tochi na uangalie kila mauntingi. Mpira mzima una rangi moja. Uliochanika una mstari mwembamba mweusi unaofunguka ukiingiza ncha ya bisibisi. Mauntingi ya majimaji iliyopasuka huacha doa jeusi lenye mafuta chini yake, na vumbi hugandia pale kama uji. Ukiliona doa hilo usiendelee kutafuta: mauntingi hiyo imekufa hata kama mpira wake wa nje unaonekana mzima.

Kwa kubadilisha, weka kipande cha mbao kipana juu ya jeki, ibebe injini chini ya sampu, yaani bakuli la oili, bila kuinua, kiasi cha kupokea uzito tu. Jeki isiyo na mbao hubonyeza sampu, na sampu iliyobonyea huziba mdomo wa kufyonzea oili. Usilegeze mauntingi mbili kwa wakati mmoja. Ukishafunga mpya, acha bolti zake zikiwa zimeshika tu, shusha jeki, washa injini kwa dakika moja itikisike na kukaa pahala pake, zima, ndipo ukaze. Fundi akikaza injini ikiwa bado inaning'inia kwenye jeki, mpira unabaki umejipinda, na mtetemeko unarudi siku hiyohiyo ingawa kipuri ni kipya.

Kuna mpira mgumu unaouzwa kwa bei ndogo. Unashika injini, ndiyo, lakini haumezi mtikisiko. Unaupeleka wote kwenye bodi. Mauntingi ya mtumba iliyotoka Japani ikiwa laini na bila doa inaweza kuwa bora kuliko hiyo mpya. Ile ya majimaji lakini usinunue ya mtumba, kwa sababu hutajua kama bado ina majimaji mpaka umeifunga.

Plagi na koili kwenye hewa ya chumvi

Mji wa pwani una adui wake. Gari linalolala Raskazone au Chumbageni hupata unyevu wenye chumvi kila usiku, na pini za soketi za koili huota kutu ya kijani. Kutu hiyo inatosha kuifanya silinda moja ikose mara moja moja. Kuosha injini kwa mashine ya presha ni hatari nyingine: maji huingia kwenye shimo la plagi na kukaa humo. Gari linaloanza kumisi jioni baada ya kuoshwa asubuhi halihitaji plagi mpya, linahitaji kukaushwa.

Fanya kazi hii injini ikiwa imepoa kabisa. Silinda hedi ni ya aluminiamu, na kufungua plagi ikiwa ya moto huharibu nyuzi zake.

Kwa injini ya 1NZ, iliyo kwenye IST, Probox, Premio na baadhi ya Vitz, kila koili imeshikwa na bolti moja ya namba 10. Bonyeza kishikio cha soketi, vuta taratibu, kisha nyanyua koili ukiizungusha kidogo kidogo. Pulizia hewa kwenye shimo kabla ya kufungua plagi ili mchanga usidondoke ndani ya silinda. Spana ya boksi ya plagi ni namba 16.

Zipange plagi kwa mpangilio wa silinda zake, usizichanganye. Plagi yenye rangi ya kahawia iliyopauka ina afya. Nyeusi na kavu kama masizi, mafuta ni mengi au hewa ni ndogo. Nyeusi yenye oili, kuna oili inayopanda kutoka kwenye ringi za pistoni au kushuka kwenye sili za valvu. Oili ikiwa nje ya plagi, kwenye shimo lake, gasketi ya tapeti kava (kifuniko cha juu cha injini) imekufa. Ibadilishe kwanza, maana oili hiyo hulainisha mpira wa koili mpaka umeme unatoboa na kuruka pembeni. Pengo la plagi kwa injini hii ni milimita 1.1. Funga kwa mkono mpaka ikae, kisha kaza kwa nguvu ya Nm 18 kama una spana ya kupimia.

Ili kuijua koili mbovu bila kununua nne, hamisha. Kama skana, yaani kifaa cha kusoma kompyuta ya gari, inatoa kodi (namba ya hitilafu) P0301, silinda ya kwanza inamisi. Peleka koili ya kwanza kwenye silinda ya tatu na ya tatu uirudishe ya kwanza, futa kodi, endesha. Ikija P0303, koili ndiyo mbovu. Ikibaki P0301, koili ni nzima. Hamisha plagi kwa namna hiyohiyo, kisha ugeukie injekta. Toyota nyingi za soko la Japani za mwanzoni mwa miaka ya 2000 hazisomeki na vile vifaa vidogo vya kuunganisha na simu, kwa hiyo mtafute fundi umeme mwenye skana inayozisoma.

Bila skana, injini ikiwa kwenye sailensi, chomoa soketi ya injekta moja, sikiliza, rudisha, nenda nyingine. Silinda nzima ikikatwa, injini inashuka na kutikisika zaidi. Silinda mbovu ikikatwa, hakuna kinachobadilika. Usichomoe koili injini ikiwa inanguruma: umeme wake ni mkali, na petroli isiyochomwa huenda kuunguza masega, kisafisha moshi kilicho kwenye ekzosi.

Pini zenye kutu ya kijani zisafishwe kwa dawa ya kusafishia soketi za umeme na mswaki mdogo, si kwa msasa. Ukiwa hapo, fungua na usafishe waya wa ethi unaotoka kwenye betri kwenda kwenye bodi na injini. Huo nao huliwa na chumvi, na watu husahau kuuangalia.

Hewa

Mlango wa hewa, yaani throto bodi, hujaa masizi kwenye ukingo, pale hasa hewa ya sailensi inapopita. Toa bomba la chujio, loweka kitambaa kwa dawa ya kusafishia kabureta, futa ukingo na nyuma ya bamba. Kwenye throto ya waya wa kuvuta, unaweza kulifungua bamba kwa mkono. Kwenye ile ya umeme, usilisukume bamba kwa kidole swichi ikiwa imewashwa. Gia zake ndogo za plastiki huvunjika. Sensa ya eya flo, inayopima hewa inayoingia, ina dawa yake maalumu, na nyaya zake haziguswi na kitu chochote.

Baada ya kusafisha, sailensi inaweza kupanda au kuyumba. Iache injini ikiwa N bila AC kwa dakika kumi, kisha na AC kwa dakika tano, halafu endesha. Kompyuta inajifunza upya.

Kwa hewa inayoingia kwa njia ya panya, sikiliza mluzi mwembamba karibu na mipira ya vakyumu na gasketi ya manifoldi. Nyunyizia maji yenye sabuni kidogo kwenye maungio, ukikwepa koili na alteneta. Pale ambapo sauti ya injini inabadilika ghafla, ndipo palipopasuka. Wapo wanaonyunyizia petroli kwa kazi hii. Ni njia ya kuchoma gari na mikono yako.

Milio bila mtetemeko

Mlio wa bati unaovuma kwenye RPM fulani tu, tuseme 1,400, na kunyamaza kwenye 1,600, karibu kila mara ni ngao ya joto ya ekzosi. Boliti zake ndogo huliwa na kutu, bati linabaki linaning'inia, na injini ikifika kwenye mpigo wake linacheza. Ekzosi ikiwa baridi, igonge kwa kipande cha mti kutoka mbele hadi nyuma. Ngao iliyolegea itajibu kwa mchakacho. Zungushia klipu kubwa ya chuma isiyoshika kutu, aina ile ya mpira wa rejeta, kaza. Usiing'oe ngao ukaitupa. Bila ngao, joto la masega hupanda kwenye sakafu na nyaya, na ukiegesha juu ya majani makavu unaweza kuwasha moto.

Puli ya krankishafti ina mpira kati ya pete mbili za chuma. Mpira ukiachia, puli hupepesuka na injini hutetemeka bila kumisi hata kidogo. Injini ikiwa imezimwa, chora mstari wa chaki kutoka pete ya ndani hadi ya nje, endesha siku moja, angalia. Mstari ukikatika vipande viwili, pete ya nje imeteleza. Badilisha puli.

Mlio wa cheni ukiwasha asubuhi, unaodumu sekunde mbili tatu, angalia oili kwanza. Mlio mzito wa kugonga kutoka chini ya injini, unaozidi ukikanyaga mafuta, au taa ya oili inayopepesa kwenye sailensi: zima hapohapo, liburute. Taa ya injini ikipepesa badala ya kuwaka tu, silinda inamisi kiasi cha kuunguza masega. Punguza mwendo na usimame.

Gia boksi

Ukiwa kwenye kilometa 60 kwa saa, gia ya juu, mafuta kidogo, na gari likatetemeka kama linapita juu ya mbao za daraja, gusa breki kwa wepesi bila kuachia mafuta. Mtetemeko ukikatika papo hapo, ni kofuli ya toki konveta (kiungo cha majimaji kati ya injini na gia boksi), na oili ya gia boksi imechoka. Mwaga na ujaze. Kwa gari dogo hutoka lita 3 hadi 4, nyingine hubaki ndani, kwa hiyo rudia baada ya wiki kadhaa. Gia boksi ya CVT, otomatiki ya mkanda na puli, hutumia oili ya CVT peke yake. Ukiitilia ATF (oili ya otomatiki) ya kawaida, mkanda wake wa chuma utateleza na kukwangua puli.

Hiace na dizeli nyingine

Chujio la dizeli lina kifungulio cha kumwagia maji chini yake. Weka kopo, legeza, mwaga mpaka dizeli itoke safi, kisha piga pampu ya mkono juu ya chujio mpaka iwe ngumu. Ikilegea tena baada ya nusu saa, kuna hewa inayoingia kwenye mabomba, na hiyo peke yake inatosha kuitikisa injini kwenye sailensi.

Kwa injini za pampu ya zamani kama 2L, 3L na 5L, fundi hulegeza nati ya bomba la nozeli moja moja, kitambaa kikiwa juu yake, na kusikiliza kama injini inabadilika. Usithubutu kufanya hivyo kwenye 1KD na nyingine za komon reli, zenye bomba moja la presha kwa injekta zote: presha yake hupita baa 1,000, na mchirizi mwembamba wa dizeli unapenya ngozi na kuingia kwenye nyama bila kuhisi maumivu makali mwanzoni. Kwa hizo, skana husoma kiasi ambacho kompyuta inaongezea au kupunguzia kila injekta kwenye sailensi. Injekta iliyo mbali sana na wenzake ndiyo itolewe ikapimwe kwenye benchi, na ikirudishwa ifungwe na washa mpya ya shaba, kwa sababu washa ya zamani huvujisha mgandamizo na kugandisha masizi meusi magumu yanayoifanya injekta isitoke tena kwa urahisi.